Mlango wa Basi la Manila

Jana mchana, nikiwa nimelaza shavu juu ya basi la kwenda Mbamba Bay, niliota.

Basi lenyewe ni la karatasi, na bado halijakunjwa. Ni karatasi mbili za manila zilizolala mezani dukani kwangu hapa Mbinga mjini: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, paa, matairi sita, na vile vipande vya pembeni vya kupakia gundi ambavyo mimi naviita masikio. Jina langu ni Otmar Ndunguru. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za watu wanaoomba kazi, na wateja wakiadimika natengeneza magari na ndege za karatasi. Michoro naitoa mtandaoni, kwa watu wa nchi za mbali wanaoigawa bure. Nafuta rangi zao, naweka zetu, nachapa, nakata, nakunja, nagundisha. Lori la zimamoto la Wajerumani kwangu limekuwa lori la kahawa. Mama anasema kazi hiyo haileti hata chumvi nyumbani, na mama huwa hakosei sana.

Basi hili lilichorwa na mtu mmoja wa Poland. Mimi nalibadilisha liwe lile ambalo mdogo wangu Gaudens alikuwa kondakta wake. Gaudens alifariki mwezi wa tano mwaka jana. Basi liliteleza kwenye kona za mlimani likalala, abiria wote wakatoka wazima, yeye peke yake hakutoka. Asubuhi ya siku ile alipita dukani akasema, "Kaka, mimi naenda." Nilikuwa nagundisha bawa la ndege. Nikamjibu, "Subiri nimalizie bawa," wala sikuinua macho. Nilipoyainua hakuwepo, na sikumwona tena.

Baada ya msiba mama aliniomba nimtengenezee lile basi, alisimamishe juu ya kabati karibu na picha ya Gaudens. Tangu aniombe, huu ni mwezi wa kumi na moja. Kila nikishika mkasi naona rangi haijakaa sawa, narudi kwenye kompyuta, nabadilisha, nachapa upya. Nimeshachapa la kijani, la bluu, la kijani kilichoiva zaidi, la rangi ya maziwa. Mama ameacha kuuliza.

Basi, naota. Niko stendi. Stendi ni ileile ya siku zote, ila ardhi yake ni ya manila, ukikanyaga inalia kwaru kwaru. Watu wamepanga foleni ndefu inayopita mbele ya kanisa, inaingia kwa mlango mkubwa, inatokea kwa mlango wa sakristia na kurudi tena stendi. Wote ni bapa. Mtu akigeuka ubavu haonekani mpaka ageuke tena.

Mbele yangu amesimama mzee mwenye jogoo bapa kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tiketi yako imeandikwa rangi gani?"

"Sina tiketi."

"Una bahati," anasema. "Mimi yangu ilikuwa ya basi la kijani. Nikafika mlangoni, basi likawa la bluu. Tukarudishwa nyuma tukakatiwe za bluu. Tukaja na za bluu, likawa la kijani kilichoiva. Huyu jogoo tulipoanza safari alikuwa kifaranga."

"Nani anayelibadilisha?"

Anaonyesha mawinguni kwa kidevu, kwa adabu. "Yuko huko juu. Tunaambiwa anatafuta rangi inayokaa sawa."

Naangalia viatu vyangu, namwomba radhi kwa kumkanyaga, ingawa sijamkanyaga.

Kwenye meza ya msimamizi wa stendi amekaa Mkasi. Ni mkasi wangu mwenyewe, namjua kwa utepe mwekundu niliomfunga kwenye mpini, lakini amevaa kofia ya kazi na hanitambui. Au anajifanya hanitambui, kama watu wote wanavyofanya wakishapewa meza.

"Saizi yako?"

"Mimi ni mtu wa kawaida tu."

"Hapa kila kitu ni moja kwa hamsini. Pungua."

Napungua. Haiumi. Viatu vinapungua, saa ya mkononi inapungua na dakika zake zinakuwa fupi, jina langu kwenye kitambulisho linapungua mpaka halisomeki. Mkasi ananizunguka, ananipima kwa rula, anaguna.

"Kuna kitu chako hakijapungua."

Nageuka. Nyuma yangu imesimama huzuni yangu, na haijapungua hata kidogo. Ina ukubwa wa kabati la nguo la mama, lile la milango mitatu. Watu wa foleni wanalazimika kuizunguka. Naona haya.

"Nimejaribu," namwambia Mkasi. "Haipungui."

"Tutaijazia fomu ya mzigo." Anaandika huku akisoma kwa sauti: huzuni, moja, haikunjiki. "Itapanda kwenye keria. Basi likilemewa, itashushwa. Unakwenda wapi?"

"Siendi mbali. Namtafuta kondakta wa basi la Mbamba Bay. Kuna neno sikumwambia."

"Refu?"

"Fupi."

"Basi wahi. Likibadilika rangi kabla hujafika, unaanza foleni upya kama wenzako."

Naisukuma huzuni yangu kwa bega. Nainua macho, stendi imekuwa kiwanja cha ndege. Majani yake yamechapwa vibaya, yana michirizi myeupe, maana siku ile wino wa kijani ulikuwa unaniishia. Katikati ya majani ipo ndege ya injini moja, imeinamisha pua.

"Wewe ndiye Otmar," inasema.

"Ndiye mimi."

"Mimi nilikuwa ndege ya posta ya Kanada. Ukanifuta, ukaniandika ndege ya madaktari. Ukanifuta tena, ukanichora milia ya punda niwe ya watalii. Silalamiki. Naomba kuuliza tu, nikiruka natua wapi?"

"Wewe huruki. Uko kwenye rafu, karibu na kalenda."

"Hata mimi nilidhani hivyo," inasema ndege. "Bawa langu la kushoto ndilo ulilokuwa unaligundisha asubuhi ile. Nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Mdogo wako. Alisimama mlangoni akakungoja. Honi ilipigwa, akakungoja. Ikapigwa mara ya pili, akamwambia mama wa vitumbua pale nje, 'Kaka akishika gundi, hata paa likiondoka hasikii.' Akacheka, akaenda."

"Mimi nilidhani aliondoka papo hapo."

"Alikungoja. Kama ningeweza kubanduka ningebanduka, ili uniache umwangalie. Lakini gundi yako ni nzuri."

Nalia. Nalia vibaya, kwa sauti, jinsi ambavyo sikulia hata siku ya mazishi. Ndege inarudisha tairi lake nyuma taratibu, kwa sababu machozi ni hatari kwa karatasi, lakini inafanya hivyo kwa upole ili isinivunjie heshima.

"Basi liko wapi?" naiuliza.

"Hapa," inasema, na kuinua bawa lile.

Basi limesimama chini ya bawa, kubwa, rangi ya maziwa, abiria wamejaa, na huzuni yangu imeshapakiwa kwenye keria. Nalitazama, na bila kutaka nafikiri kwamba kijani kingelifaa zaidi. Hapo hapo nyuma ya basi panaanza kugeuka kijani. Abiria wanapiga kelele wote kwa pamoja, wengine wanafunika tiketi zao kwa viganja. Najizuia kufikiri. Najilazimisha kuhesabu madirisha mpaka kijani kinakoma, kimefika dirisha la tatu.

Gaudens yumo ndani. Amesimama mbele, upande wa kushoto, pale anapokaa kondakta siku zote, na mbele ya uso wake kuna ukuta mtupu. Mlango uko upande wa pili, upande wa kulia, umefunguka kuelekea katikati ya barabara.

Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa anatoa kichwa dirishani. "Baba, wewe ndiye fundi? Mlango huu unatumwaga barabarani. Nimeshashuka mara mbili, na mara zote mbili nimegongwa na lori la kahawa. Bahati yangu lilikuwa la karatasi."

"Pole sana, mama."

"Pole haihamishi mlango."

Nalizunguka basi mpaka kwenye dirisha la Gaudens. Amevaa shati lake la kazi, kola imekunjika upande mmoja kama kawaida yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Gaudens."

"Umepungua. Mama anakupa chakula kweli?"

"Ananipa. Mbona umesimama huku na mlango uko kule?"

"Kondakta anasimama kwenye mlango, kaka, na mlango wa basi uko kushoto. Nchi hii gari linapita kushoto, abiria anashukia kwenye majani."

"Aliyelichora ni mtu wa Poland. Kwao wanapita kulia. Nilisahau kuuhamisha."

Gaudens ananitazama kwa huruma, na huruma yake inaniumiza kuliko ambavyo hasira ingeniumiza. "Lile lori la Wajerumani ulihamisha usukani wake siku ya kwanza," anasema. "Ile ambulansi ya Waitalia ulihamisha mlango na ngazi yake, ukahamisha mpaka kioo cha pembeni. Wewe husahau, kaka."

Mkasi ametokea pembeni yetu na fomu yake. "Basi lililalia ubavu gani siku ile?" anauliza. "Kuna sehemu hapa haijajazwa."

Gaudens ananiangalia. Abiria wananiangalia. Hata jogoo wa yule mzee, aliyeingia sijui saa ngapi, ananiangalia.

"Wa kushoto," nasema.

Na hapo nasema lote, kwa sababu hata ndotoni mtu huchoka kudanganya. Nimelichapa basi hilo mara kumi na nne. Nimebadilisha rangi, pazia, taa, nimebadilisha hata maandishi ya kwenye kioo cha nyuma, na mara zote kumi na nne mlango nimeuacha kulia. Mteja akiuona namwambia nimepitiwa. Sikupitiwa. Basi lililalia ubavu wa kushoto, mdogo wangu akiwa amesimama mlangoni. Mimi nilimwekea mlango kwenye ubavu uliobaki juu.

"Nilitaka utoke," namwambia.

"Najua, kaka. Lakini kwa mlango huo sitoki na wala sifiki. Hawa abiria wana safari zao. Nikatie mlango wangu."

Namgeukia Mkasi. "Samahani," namwambia. Anavua kofia, anaiweka juu ya fomu, na kuingia mkononi mwangu kama alivyozoea.

"Mstari uko wapi?" anauliza. "Mimi nakata kwenye mstari. Pasipo na mstari sikati."

Kwenye ubavu wa kushoto hakuna mstari. Naomba penseli, abiria wanaipokezana mmoja hadi mwingine mpaka inanifikia. Nachora. Mstari unatoka umepinda. Kisha nakata, polepole, kutoka chini kwenda juu, na kila inchi natamani Mkasi akwame. Hakwami, nilimnoa mwenyewe juzi. Mlango unafunguka umepinda kidogo upande wa bawaba. Katika kazi zangu zote sijawahi kufanya iliyo mbaya kuliko hiyo.

"Imekaa sawa," anasema Gaudens, na anashuka kwenye majani.

Ndipo namwona vizuri. Ukiikata karatasi, hata uwe umeipaka rangi nzuri vipi, ukingo wake hubaki mweupe. Fundi anayejua kazi hupitisha kalamu ya rangi kwenye kingo zote kabla ya kugundisha, ili anayeangalia asione weupe. Gaudens ni mweupe pembeni pote: masikio, shingo, mabega, vidole.

"Hawakukumalizia," namwambia.

"Hiyo kazi walikuachia wewe, kaka."

Ni kweli. Siku ya msiba wanaume wa ukoo waliitwa kuingia kumwosha na kumvisha. Baba mdogo aliniita mara tatu. Mimi nilisimama nje karibu na tangi la maji, nikasoma maandishi ya mfuko wa saruji kuanzia juu mpaka chini, nikarudia, mpaka walipotoka.

Gaudens anachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, pale anapowekaga kalamu zake za kuandikia tiketi. Ni ya kahawia. Anakaa kwenye ngazi ya mlango mpya na kunyoosha shingo.

Naanza na sikio la kushoto. Namshika kidevu asitikisike. Napita juu ya sikio, nyuma yake, nashuka shingoni. Nafika kwenye bega, namwambia ainue mkono, anainua. Vidole nakwenda kimoja kimoja. Kidole gumba chake kina kovu la panga, alijikata siku tuliyokuwa tunakata kuni kwa bibi, na nilikuwa nimelisahau kabisa. Hapo napita mara mbili. Abiria wote wamegeuza nyuso upande wa pili, hakuna aliyewaambia.

"Unanitekenya," anasema.

"Tulia."

"Na miguu?"

"Na miguu."

Namvua viatu. Namalizia nyayo, visigino, vidole vidogo vya mwisho ambavyo kuvishika ni kazi. Namvisha viatu. Namnyoosha kola. Hakuna weupe tena popote, ni Gaudens, wa kumgusa, na mimi nimepiga magoti kwenye majani yaliyochapwa vibaya na sijui mikono yangu niiweke wapi.

Honi inapigwa.

"Kaka," anasema, "mimi naenda."

Mkononi sina bawa wala gundi. Ninamtazama. Ninamtazama usoni kwa muda mrefu, mpaka honi inapigwa mara ya pili, na yeye anangoja vilevile, anatabasamu.

"Nenda salama, mdogo wangu," namwambia. "Msalimie marehemu baba."

"Zimefika."

Anaruka mlangoni, anapiga bati la basi kwa kiganja mara mbili, na ingawa bati lenyewe ni karatasi, linalia bati. "Twendeee!" Yule mama wa dagaa ananipungia. Mzee ananionyesha jogoo wake dirishani, kana kwamba naye anaaga.

Basi haliendi. Linanguruma tu, limekaa chini. Mkasi amevaa kofia yake, anapanda ngazi ya nyuma, anashusha huzuni yangu kutoka kwenye keria na kuiweka miguuni pangu.

"Hii haisafiri," anasema. "Saini hapa kwamba umeipokea."

Nasaini. Basi linaondoka. Kwenye kona ya kwanza linaegemea kidogo kushoto, nafumba macho. Nafumbua, limenyooka, linapanda, na kwenye mlango uliopinda naona mkono wa kahawia umeshika nondo. Halafu sioni kitu.

"Otmar. Otmar! Chakula kinapoa."

Mama alikuwa amesimama mbele ya meza, na hotipoti kwapani na jagi la maji mkononi. Niliinua kichwa. Chini ya shavu langu basi lilikuwa bapa vilevile, rangi ya maziwa vilevile, mlango kulia kama nilivyouacha. Nilifuta mate kwenye paa lake. Nikasema moyoni, ndoto ni ndoto, nikasahau hata kumsalimia mama.

"Lete mikono," alisema. Alichukua beseni la chini ya meza, akaliweka mbele yangu na kuinamisha jagi, nikanyoosha mikono ninawe.

Maji hayakuja. Nikaangalia alikokuwa anaangalia. Kwenye kidole gumba cha mkono wangu wa kulia, na kwenye viwili vinavyofuata, kulikuwa na rangi ya kahawia, imeingia mpaka kwenye kucha, na bado ilikuwa mbichi. Dukani kwangu nauza kalamu za bluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Ya kahawia sina, sijawahi kuwa nayo.

"Hii umeitoa wapi?" mama aliuliza.

"Nimemmalizia Gaudens," nikasema. Lilinitoka tu.

Watoto wote wa mama tulichukua rangi ya baba isipokuwa Gaudens, yeye alichukua ya mama. Mama alinishika kile kidole gumba, akakiweka juu ya mkono wake mwenyewe, karibu na kiwiko, akaangalia: rangi ilikuwa ileile ya ngozi yake. Kisha akaliweka jagi sakafuni bila kumwaga hata tone, akafunika hotipoti, akarudi nyumbani kuniletea kijiko, nisinawe.